Simu Iliyosema Imetumwa

Kila siku akitoka shule, Ajwang hupitia mwaloni, ufukweni wanakoshushia na kuanika samaki, kwa shangazi yake, Truphosa, kabla ya kurudi naye nyumbani Kiseke. Huvua viatu, hufunga kanga juu ya sare, kisha husaidia kugeuza dagaa walioanikwa kwenye vichanja. Ni kazi ya harufu, lakini ndiyo inayomsomesha, na Ajwang hapendi mtu aizibie pua.

Siku ile hakukuta dagaa wa kugeuza. Mvua kubwa ilikuwa imepita, dagaa walikuwa wamelowa, vichanja vilichuruzika maji, na maturubai mengi ya kufunikia yalikuwa bado yamekunjwa. Shikamoo yake haikuitikiwa.

"Hawa ni wa kulisha kuku sasa!" shangazi alifoka mbele ya akina mama wenzake. "Niko sokoni Buzuruga, natazama simu, kimya! Wilhelmina, wewe ndiye uliyekuwa zamu. Ulilala?"

"Nilale vipi?" mama Wilhelmina alijibu kwa uchungu. "Nilibonyeza! Simu ikaandika 'Imetumwa'. Nikajua mnakuja, nikaanza kufunika. Ningefunika vya mwalo mzima peke yangu?"

Wote wakamgeukia Ajwang. Programu ile ilitengenezwa na klabu ya kompyuta ya shule yao. Mama aliyebaki zamu akiona mvua inakuja, anabonyeza kitufe chekundu, na simu za wenzake zinalia popote walipo. Ajwang mwenyewe ndiye aliyeiweka katika simu zao, akawaambia waache kuhangaika kupigiana. Nao wakamwamini.

Hasira zilimpanda, na mbaya wake alikuwa anamjua. Si mwingine, ni Shimba! Juzi tu mwenzake huyo wa klabu alikuwa ameongeza picha ya wingu linalotembea, eti programu ipendeze. Watu wanatafuta riziki, yeye anachora mawingu!

Kesho yake hakungoja hata klabu ianze.

"Shimba, umeozesha dagaa wa mwalo mzima kwa mapambo yako!"

"Mimi? Sehemu ya kutuma sijaigusa," Shimba alisema. "Nimegusa picha tu."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Darasa zima liliguna. Machozi yalimlengalenga Shimba, akainamisha kichwa.

Mwalimu Modesta, mlezi wa klabu, alikuwa amesimama mlangoni. "Ajwang, una uhakika au una hasira?"

"Vyote, mwalimu."

"Basi tuone. Programu ikiharibika hatuanzi kutafuta mtu, tunatafuta badiliko. Tunaondoa moja, tunajaribu. Kama silo, tunaondoa lililotangulia. Na leo hatujaribu kwa simu yangu. Tutafute simu kama ya mama wa mwaloni."

Selina, mpishi wa shule, aliwaazima yake. Kioo kilikuwa na nyufa, bando la meseji lilikuwepo, la intaneti halikuwepo. Wakaiweka programu humo bila wingu la Shimba. Ajwang akabonyeza kitufe kwa nguvu, kama anayemfinya mtu. Simu ikaandika "Imetumwa". Simu ya mwalimu, iliyopaswa kulia, ilikaa kimya mezani.

"Kumbe si wingu," Shimba alisema taratibu.

Badiliko lililotangulia lilikuwa na jina la Ajwang. Hapo ndipo alipokumbuka. Mwanzoni programu ilikuwa inatuma taarifa kwa meseji. Yeye akaona meseji ni mambo ya kizamani, akaihamishia kwenye intaneti. Tena, ili ionekane ya haraka, akaifanya iandike "Imetumwa" kidole kinapogusa tu kitufe. Aliijaribu ofisini, kwa simu ya mwalimu, kwa intaneti ya shule. Ililia, watu wakapiga makofi, akaenda nyumbani ameridhika.

Wakaliondoa badiliko lake, wakabonyeza tena. Simu ya mwalimu ililia mpaka Selina akashtuka.

"Si wanunue bando!" Ajwang alilipuka. "Programu yenyewe ni nzuri!"

"Nzuri kwa nani?" Mwalimu Modesta alimjia juu. "Mama wa mwaloni hanunui bando la intaneti kila siku, na wewe unajua hilo kuliko sisi sote. Halafu umemwandikia 'Imetumwa' kabla programu haijajua kama imetuma. Kitu hicho kinaitwaje?"

Ajwang alilijua jina lake. Ndilo alilokuwa amemtupia Shimba muda mfupi uliopita.

"Uongo," alisema.

Shimba aliinua kichwa. "Umenitukana mbele ya watu. Samahani nayo iwe mbele ya watu."

Alikuwa na haki. Ajwang akasimama. "Nisamehe, Shimba. Nilikukamata wewe kabla sijatafuta kosa."

Wakairekebisha pamoja. Meseji zikarudi, na programu ikaandika kwanza "Inatuma". Ikishindwa, ikaandika wazi: "Haijatumwa. Piga simu." Safari hii waliijaribu mwaloni, juani, kwa simu za akina mama wenyewe, vidole vikiwa na magamba ya dagaa. Mama Wilhelmina alipobonyeza, simu zililia mwalo mzima, watu wakashangilia.

Ajwang ndipo alipomfuata shangazi. "Shangazi, aliyekuloweshea dagaa si Shimba wala mama Wilhelmina. Ni mimi."

Truphosa aliacha kugeuza dagaa, akamgeukia.

"Nimekasirika, sikufichi," alisema. "Dagaa wale hawarudi. Lakini mvua nimeizoea, haijawahi kunidanganya. Kinachouma ni kuambiwa jambo limefanyika, kumbe bado. Kazi yoyote, mwanangu, iwe ya vichanja au ya kompyuta, ukishindwa sema umeshindwa, mwenzio ajue akimbilie turubai. Na kabla hujamkabidhi mtu kazi yako, ijaribu pale anaposimama yeye."

"Nimesikia, shangazi."

"Na kuhusu kumlaumu mtu bila kupima, hapo sina la kukufundisha," shangazi aliongeza, akijifuta mikono kwenye kanga. "Nisubiri hapa."

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kichanja cha mama Wilhelmina, kumwomba msamaha.