Chupa ya Maji ya Gathambi

Kila asubuhi kabla ya shule, Nduta aliteremka hadi chemchemi ya Gathambi kuteka maji ya hoteli ya mama yake. Hoteli yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati pembeni mwa soko la Kiriaini, lakini ukitaka kujua nani kaposa, au kwa nini wanakwaya wamekosana, ulikuwa unaagiza chai na kukaa tu. Mama yake, Magdaline, alipenda hivyo. Benchi likijaa, aliwaambia watu wasogeane.

Wiki hiyo gumzo lilikuwa moja. Jumamosi maafisa wa serikali wangekuja katika ukumbi wa kanisa kuchukua maoni ya wananchi kuhusu kanuni mpya za kuchimba gesi. Nduta alikuwa ameelezwa darasani jinsi inavyofanyika: maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa kwa nguvu chini kabisa ardhini, mwamba ukapasuka, gesi ikatoka. Hakuna aliyejua kama huku milimani kuna gesi. Lakini kanuni zingekuwa za nchi nzima, na watu waliihofia chemchemi yao.

Ijumaa asubuhi Nduta aliuweka mtungi chini, akacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na rafiki yake Shiku na wenzake. Mpira uligonga kizibo cha mtungi, kikabingirika na kupotelea kwenye majani ya ng'ombe. Alikuwa ameshapoteza kingine mwezi uliopita na kugombezwa vikali. Basi, ili mama asijue, alikimbia nyumbani, akachukua mtungi mtupu wa baba yake uliokuwa zizini, ule wa dizeli ya mashine ya kukatia majani. Aliusugua kwa sabuni na mchanga mpaka akaridhika. Aliteka maji, akayamimina kwenye pipa la hoteli, akaurudisha mtungi zizini, kisha akaenda shule.

Wa kwanza kuonja alikuwa Mzee Ngatia, mkulima wa chai. Alikisogeza kikombe puani, akampa jirani yake naye anuse.

"Mama Nduta," alisema polepole, "hii chai ina mafuta."

Zuena, muuzaji wa mitumba wa kibanda cha pili, aliinamia pipa na kusema hiyo ni gesi, hakuna kingine. Kufikia saa sita ilisemekana wachimbaji walikuja kwa siri. Kufikia saa kumi chemchemi ilikuwa inachemka. Hakuna hata mmoja aliyeteremka kwenda kuitazama. Watu waliokunywa maji ya chemchemi hiyo hiyo nyumbani kwao bila shida yoyote wakaanza kushika matumbo. Magdaline alijaza chupa kutoka kwenye pipa na kuifunga vizuri. Ati kesho angewanusisha maafisa.

Nduta aliikuta mezani alipotoka shule. Alijua mara moja, lakini hakusema kitu. Aliogopa kugombezwa, ni kweli. Tena alikuwa hajawahi kuona soko zima likikubaliana hivyo, na mama yake akipongezwa na kila mpita njia. Alijiambia kwamba uwongo huu labda utailinda chemchemi.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Afisa aliyeongoza kikao, Bi Anita, alikuwa mpole na makini. Aliposikia kuna chupa, alisema itapelekwa maabara, kisha akaongeza jambo jingine. Kama ingeonekana kwamba kilichoyachafua maji hayo hakikutoka chemchemini, maoni yote ya Kiriaini yangetiliwa shaka, hata yale ya kweli.

Magdaline alikuwa amebakiza mtu mmoja mbele yake. Nduta alimvuta mkono.

"Mama, usiitoe hiyo chupa. Ni dizeli ya baba. Nilipoteza kizibo, nikachukua mtungi wa mashine."

Jina la mama yake likaitwa. Akaenda mbele, chupa ikiwa bado mkononi.

"Nilikuja kuwaonyesha kwamba maji yetu yameharibika," alisema. "Nimejua sasa hivi kwamba hayajaharibika. Hii harufu ni ya dizeli kutoka zizini kwangu."

Ukumbi uliangua kicheko. Mtu wa nyuma alimuuliza Mzee Ngatia tumbo linaendeleaje, naye akajibu kwamba limepona papo hapo. Magdaline alingoja.

"Chekeni, mkimaliza niendelee. Leo Gathambi ni safi. Andikeni hivyo. Na kanuni iseme kwamba kabla mtu yeyote hajachimba, maji ya kila chemchemi yapimwe, na matokeo yabandikwe sokoni tuyasome. Mimi jana nilinusa dizeli nikaapa ni gesi. Siku maji yakiharibika kweli, nani ataniamini bila kipimo?"

Bi Anita alikiri kwamba rasimu ya kanuni haikuwa na kifungu hicho, akakiandika, akakisoma kwa sauti ili wahakikishe. Ukumbi ukapiga makofi. Miezi michache baadaye rasimu ilirudi ikiwa imerekebishwa, na kifungu kilikuwemo.

Lakini siku ile, mkutano ulipokwisha, watu waliteremka bondeni kwa wingi kama wanaokwenda harusini. Mzee Ngatia alikinga maji kwa viganja, akanywa, akanywa tena. Zuena naye alinusa, akasema ni maji tu, na kila mtu akapumua.

Magdaline alimketisha binti yake kando ya njia.

"Kwa kile kizibo ningekugombeza jana, na mambo yangeishia hapo," alisema. "Ulinyamaza, na kunyamaza kwako kukataka kuliaibisha soko zima. Mimi pia nina kosa, nilisadiki bila kuja kuona. Chemchemi hii haikuhitaji tuidanganyie, Nduta. Ilihitaji tuseme ilivyo. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie hata kama hoteli imejaa watu."

"Hata Mzee Ngatia akiwepo?"

"Yeye ndiye wa kwanza. Nitamwambia asogee akupishe kwenye benchi."