Sakafu Iliyong'aa Mno

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ile ilinukia nta. Majirani walikuwa wamezoea. Aliyepita barabarani aliinusa ile harufu, akasema, "Leo Fundi yuko magotini."

Fundi alikuwa mwashi mstaafu. Wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye alibaki na sakafu yake. Alipiga magoti, akapaka nta, akasugua kwa kipande cha blanketi kuukuu. Alianzia sebuleni, akapita ukumbini hadi mlango wa bafu. Hakuacha mpaka dirisha lionekane chini kama kwenye kioo.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikaa jikoni akimsikiliza akiimba. Alikumbuka siku sakafu ile ilipomwagwa. Walikuwa maharusi wapya, hawana hata kiti. Fundi alichanganya saruji na rangi nyekundu, akailainisha kwa mwiko kutwa nzima. "Usikanyage," alimwambia. Wakala chakula uani, wamekalia ndoo zilizopinduliwa, wakiichungulia mlangoni kama watu wanaochungulia mtoto mchanga.

Baadaye wakaja pacha wao. Walivaa soksi za shule wakateleza kutoka sebuleni hadi chumbani, wakipiga kelele. Watoto wa majirani nao wakaja kuteleza. Wageni walivua viatu bila kuambiwa. Maharusi wa mtaa waliomba kupigwa picha pale. Ilikuwa sakafu ya kujivunia.

Lakini sasa Mama Pacha aliiogopa.

Hakumwambia mtu. Mchana mmoja alitoka bafuni, miguu imelowa maji. Alivaa ndala za zamani zilizolika, zimekuwa laini kama sabuni. Mguu mmoja ukaenda zake. Akaanguka ukumbini, kwa ubavu, puu! Fundi alikuwa amekwenda dukani kununua misumari. Mama Pacha alilala pale akiitazama dari. Alipopata nguvu alijikokota hadi kitandani. Paja lilivilia damu likawa jeusi. Mumewe aliporudi alimwambia, "Mgongo tu. Nimechoka."

Angemwambia nini? Sakafu yako imeniangusha? Ingekuwa kama kumwambia mtu kwamba mwanawe ni mwizi.

Tangu siku hiyo alitembea akishika ukuta. Aliacha kupeleka chai sebuleni. Aliacha hata kwenda kwa shoga yake, mshonaji wa nguo, ambaye walichota maji pamoja tangu wakiwa wasichana. Fundi alimwona mkewe amekuwa mtu wa kukaa tu, akadhani ana huzuni. Akataka kumchangamsha. Akaongeza nta.

Siku moja akaja Nesi. Nesi alifanya kazi kituo cha afya cha mtaa, na alikulia nyumba ya pili. Alikuwa mmoja wa wale watoto wa soksi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanangu," Mama Pacha aliitikia kutoka jikoni. "Pita. Lakini pita polepole."

Fundi alimpokea Nesi ukumbini. Mkononi alishika kopo la chokaa. Uso ulikuwa umekunjamana.

"Hebu nitazamie ukuta huu, binti yangu. Nimeupaka juzijuzi, umechafuka tena. Wajukuu hawajaja tangu likizo. Nani anaushikashika?"

Nesi alitazama. Mstari wa uchafu ulianzia mlango wa chumba cha kulala ukaenda hadi bafuni. Ulikuwa juu, usawa wa mkono wa mtu mzima. Alikwenda jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ule mkono ukutani ni wako."

Mama Pacha alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Ni wangu."

"Umeanguka?"

"Shh! Asikusikie."

Nesi alivuta kigoda akakaa. "Mama, aliyeanguka mara moja yuko karibu kuanguka tena. Na akiogopa, akawa mtu wa kukaa tu, miguu inalegea. Ikilegea, anaanguka kirahisi zaidi. Pale kituoni naletewa watu wa umri wako wamevunjika nyonga. Kisa ni maji kidogo tu, au zulia. Wengine hawarudi kutembea kama zamani."

"Ndiyo uzee huo, mwanangu."

"Uzee unaongeza hatari. Lakini kuanguka si lazima, kunazuilika. Ila anayeweza kutusaidia kuzuia yuko pale ukumbini na kopo la chokaa, na hana habari."

Mama Pacha akainuka. "Nitamwambia mwenyewe. Wewe kaa karibu."

Wakakaa sebuleni watatu. Mama Pacha alisema yote, macho yakiwa mapajani. Fundi aliweka kikombe chini.

"Ilikuwa lini?"

"Siku uliyokwenda kununua misumari."

"Misumari! Hiyo ni kabla ya mvua!" Akaitazama sakafu. "Nami nikaongeza nta."

"Uliongeza."

"Ukanitazama tu, Mama Pacha?"

"Ulikuwa unaimba."

Fundi akakunja mkono wa shati taratibu, akawaonyesha kovu kwenye kiwiko.

"Nilisema nimejigonga mlangoni," alisema. "Uongo. Nilianguka hapa hapa, nikiisugua. Ningemwambia nani? Fundi wa sakafu kaangushwa na sakafu yake? Mtaa ungecheka mpaka kesho."

Nesi ndiye aliyeanza kucheka. Mama Pacha akafuata, akicheka na kulia kwa pamoja. "Tumezeeka vibaya, Baba Pacha. Kila mtu anaficha jeraha lake."

"Basi leo tuache kufichana," Nesi alisema. "Tuizungukeni nyumba."

Walianza chumbani. Kando ya kitanda palikuwa na kizulia kidogo. Nesi alikisukuma kwa kidole cha mguu, kikakimbia. "Hiki kiondoke. Na huu waya wa redio usikatize njia, upite pembeni ya ukuta." Akamgeukia Mama Pacha. "Ukiamka unafanyaje?"

"Nasimama nakwenda."

"Kizunguzungu je?"

"Kinakuja, kinapita. Hasa tangu nianze vidonge vya presha."

"Hilo mwambie daktari. Usiache dawa mwenyewe, lakini mwambie. Na ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda. Chezesha miguu. Kichwa kikitulia ndipo usimame."

Ukumbini taa ilikuwa hafifu kama ya kuazima. Nesi alisema iwekwe yenye mwanga mkali, na wote wawili wakapimwe macho. Bafuni Mama Pacha alionyesha msumari wa taulo. Ndio aliokuwa akiushika akioga. Fundi aliugusa, ukacheza. Akashika kichwa. "Mungu wangu. Msumari!"

"Baba, hapa pafungwe bomba imara la kushikilia. Chini pasiwe laini. Na hizo ndala zikatupwe. Mama avae viatu vinavyoshika mguu, vyenye soli isiyoteleza."

"Na sakafu?" Fundi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nesi alimtazama kwa upole. "Nimeteleza juu ya sakafu hii mpaka soksi zikatoboka, baba. Mama yangu alinichapa. Hakuna sakafu niliyoipenda kama hii. Lakini miguu iliyoifurahia ilikuwa ya watoto."

Jumamosi iliyofuata nyumba haikunukia nta. Fundi alichemsha maji, akatia sabuni, akasugua kwa brashi ngumu kuiondoa nta ya miaka yote. Maji yalitoka mekundu. Kisha akachukua patasi na nyundo, akaiparua ukumbini na bafuni. Kila alipogonga, Mama Pacha jikoni alisikia moyo wake ukigonga pia.

"Acha, mimi nitaendelea kushika ukuta," alimwambia. "Nimeshazoea."

"Hapana," alisema Fundi, bila kuinua uso. "Niliitengeneza ili upite. Kama hupiti, ni sakafu ya nani?"

Alimwaga saruji mpya yenye mchanga wa kutosha. Ilipokuwa bado mbichi alipitisha ufagio mgumu juu yake, ikabaki na michirizi midogo ya kushika unyayo. Bafuni alifunga bomba la chuma kwa boliti ndefu, akalining'inia kwa uzito wake wote. Halikutikisika.

Nesi aliwafundisha mazoezi pia. Kuinuka kitini na kukaa tena bila kujisukuma kwa mikono. Kusimama mguu mmoja huku wameshika ukingo wa sinki imara. Aliwafundisha na namna ya kuinuka baada ya kuanguka. "Mtu akianguka asikurupuke. Atulie, ajisikilize. Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, atambae hadi kwenye kiti, ajiinue polepole. Kama anaumia, asijilazimishe. Aite msaada, ajifunike asipate baridi."

Mwanzo Mama Pacha alitetemeka akisimama mguu mmoja. Siku zikapita. Ukuta wa ukumbini ukabaki mweupe, na Fundi hakuugusa tena kwa chokaa. Chai ilirudi sebuleni, kwenye trei, na vikombe havikugongana.

Kisha asubuhi moja Mama Pacha akavaa viatu vyake vya soli nene, akaaga. Alitembea mwenyewe mtaa mzima hadi kwa shoga yake mshonaji. Shoga alipomwona mlangoni aliangusha mkasi.

"Wewe! Nilidhani umenisusa!"

"Nilikuwa naogopa kutembea, shoga. Nitakueleza yote." Akaingia, akasimama, akatazama chini. Zulia la mlangoni lilikuwa limekunjika pembe. Mabaki ya vitambaa yalitapakaa njiani, na ndoo ya maji ilikuwa katikati ya jikoni. "Kwanza niambie. Umeanguka mara ngapi?"

Shoga alicheka, kisha akaacha kucheka. Polepole akapandisha pindo la gauni. Goti lilikuwa limevimba.

"Usimwambie mwanangu," alisema.

"Tutamwambia wote wawili," alisema Mama Pacha. "Na hilo goti likatazamwe leo hii, nakupeleka mimi kwa Nesi." Akamshika mkono, wakaanza na ndoo.

Goti lilipona. Siku Nesi aliporuhusu mazoezi, mwana wa mshonaji alirudi nyumbani mchana akakuta mambo. Wazee wawili walisimama jikoni, wameshika sinki, kila mmoja kwa mguu mmoja kama korongo, wakibishana nani atashusha mguu kwanza. Walicheka kama wasichana waliosahau ndoo zao kisimani.