Sanduku Lililokataa Kufungwa

Kaiyun alikuwa na desturi moja akitoka shule: kabla hata ya kuvua viatu, alipitia uani kwa Bibi kuona ndizi. Mji wao wa Qishan, kusini mwa kisiwa chao, ni mji wa ndizi, na Bibi Yuechao alikuwa amezilima maisha yake yote. Jioni alizipanga katika makasha, naye Kaiyun akamsaidia kuchambua zilizoiva mno. Hizo kwa kawaida ziliishia tumboni mwa mchambuaji mwenyewe.

Siku hiyo makasha yalikuwa matupu na Bibi hakuwapo uani. Alikuwa sebuleni, mbele ya sanduku kubwa la safari lililoachwa wazi, ameikumbatia sufuria yake ya umeme ya kupikia wali. Upande wa pili wa sufuria hiyo hiyo alikuwapo Baba, anaivuta.

"Mama, meli ina jikoni!" alisema Baba. "Ina wapishi. Chakula kitatushinda!"

"Hao wapishi wanaujua uji wangu wa asubuhi?"

"Hata kama hawaujui. Vyombo vya umeme vya kupikia haviruhusiwi melini, vinaweza kuwasha moto. Wataichukua mlangoni, uanze kulia mbele za watu."

Bibi aliitazama sufuria, akamtazama mwanawe, kisha akaiachia. "Haya, chukua. Lakini nikirudi nimekonda, mtu asiniulize kwa nini."

Kaiyun aliangua kicheko. Tangu asubuhi furaha ilikuwa imemjaa hadi darasani mwalimu akamwita mara mbili naye asisikie. Kesho! Kesho wangepanda treni hadi bandari ya Keelung, na kutoka hapo meli kubwa ingewapeleka Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani, ambako mwezi huo theluji huanguka. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuiona. Bibi alikuwa ametimiza miaka sabini na mitano, na barafu aliyoijua ni ile ya kusagwa, inayoliwa bakulini kwa maharage mekundu na sukari.

"Hiyo inasagwa na mashine," Bibi alizoea kusema. "Mimi nataka ile inayoanguka yenyewe. Iniangukie hapa." Na alipofika hapo alikinyoosha kiganja chake chenye sugu. Safari hii ilikuwa zawadi yake ya kuzaliwa.

Mama aliingia na rundo la nguo. "Kaiyun, sanduku hili ni lako wewe na Bibi. Umeshakuwa mkubwa, kulipanga nakukabidhi wewe. Na unakumbuka tunavaaje?"

"Kama kitunguu," alijibu Kaiyun, maana watangazaji wa hali ya hewa hawakuchoka kulisema hilo kila majira ya baridi.

"Basi kitunguu chenyewe ni hiki. Chini kabisa, mwilini, sufu. Si pamba! Pamba ikinywa jasho haikauki upesi, na jasho hilo likipigwa na upepo unaganda. Katikati sweta. Juu koti la kuzuia upepo. Ukiingia ndani unajimenya, ukitoka nje unajifunika tena."

"Kwa nini nisivae fulana tu na koti moja nene, kama hapa?"

"Hapa siku za baridi zikija, nyumba zetu ni baridi ndani na nje, ndiyo maana tunakula na makoti mezani. Melini kuna joto. Ukikaa na koti humo utaiva kama mkate wa mvuke. Na soksi ni moja nene, si tatu za kubana! Mguu ukibanwa damu haipiti vizuri, unazidi kupata baridi."

Mama alirudi jikoni. Kaiyun akaanza kupanga kwa bidii: kofia za kufunika masikio, glavu, vifuko vya joto ambavyo ukivitikisa hupata moto mfukoni. Kisha akaenda kulitoa kabatini gauni lake jekundu la kumetameta, pamoja na viatu vyake vyeupe vyenye visigino. Vitu hivyo Mama hakuvitaja. Ni Peijun, rafiki yake wa darasani, aliyemwambia kwamba melini kuna usiku mmoja wa karamu ya nahodha, na watu wote hupigwa picha. "Ukienda na fulana ya michezo," Peijun alimwonya, "mimi sikujui wala hunijui."

Sanduku likakataa kufungwa. Kaiyun alilikalia, akalirukia, akalibembeleza. Zipu ilifika nusu ikagoma. Feni ilizunguka juu ya kichwa chake na bado jasho lilimtiririka shingoni, kwa hiyo neno "baridi" lilisikika kama hadithi ya kubuni. Macho yake yakaangukia furushi la Bibi. Humo mlikuwa na fulana mbili za sufu, suruali ndefu ya ndani, na sweta zito alilolifuma Bibi mwenyewe. Furushi lilikuwa nene kama mto wa kulalia.

"Bibi ni mzee," alijiambia. "Atakaa ndani anywe chai. Tena koti lake lipo." Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na aliyeketi chini ya feni hamjui mwenye baridi. Akalisukuma furushi kabatini, chini ya mablanketi. Zipu sasa ilikwenda bila ubishi.

"Kaiyun!" Mama aliita kutoka jikoni. "Kofia za Bibi?"

"Zipo!"

"Glavu?"

"Zipo!"

"Na lile furushi lake la sufu?"

Kaiyun alilitupia jicho kabati. "Lipo!"

Meli yenyewe ilikuwa jengo zima linaloelea. Kaiyun alipoiona pale Keelung, alipiga kelele hadi Mama akamfinya. Kulikuwa na lifti za vioo, ukumbi wa michezo, na meza ya vyakula isiyo na mwisho. Bibi alionja kila uji uliokuwepo, akatamka kwamba hakuna unaoufikia wake, kisha akaongeza bakuli la pili. Kila asubuhi walikwenda kwenye mlango wa kioo wa sitaha kupima baridi: Baba alitoa mkono nje, akaurudisha haraka na kupiga ukelele, nao wakacheka. Kila asubuhi mkono ulirudi upesi zaidi.

Usiku wa karamu Kaiyun alivaa gauni lake jekundu, akapigwa picha kando ya nahodha. Watu walimsifu. Bibi alijaa fahari, akamgeukia mama mmoja waliyekaa naye meza moja.

"Huyu ni mjukuu wangu. Sanduku letu amelifunga yeye, peke yake! Mimi wala sikugusa kitu."

"Una bahati," alijibu yule mama.

 Kaiyun aliangalia sahani yake hadi mazungumzo yalipohamia kwingine.

Asubuhi iliyofuata, walipokuwa wametoka tu kunywa chai, sauti ilisikika kwenye vipaza sauti vya meli: theluji imeanza kuanguka, na wasafiri wanakaribishwa sitahani. Kesho, watakapotia nanga, kutakuwa na jua.

Meli nzima ililipuka kwa shangwe. Milango ilifunguliwa, watu wakakimbia kwenye korido huku wakivaa. Kaiyun alivaa tabaka zake zote upesi. Ilikuwa inaanguka! Ilikuwa huko nje wakati huo huo!

Bibi alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Alitoa kofia. Alitoa glavu. Alitoa viatu vyeupe vyenye visigino, akaviweka pembeni, akazidi kupapasa.

"Furushi langu silioni," alisema.

Baba alichungulia. "Mama, umelisahau nyumbani? Nilikwambia achana na sufuria, shughulika na nguo!"

"Labda," alisema Bibi polepole. "Nakumbuka kama niliiweka ile sufu pamoja na nguo za mtoto. Au sikuiweka? Kichwa changu siku hizi." Alijigonga kipaji cha uso kwa kidole, mara mbili. "Uzee huu, jamani. Sasa nasahau hata vitu vya mwilini mwangu."

"Basi vaa koti tutoke hivyo hivyo," alisema Baba.

"Koti tupu?" Mama alidakia. "Na kifua chake kile? Mwaka jana alilazwa hospitali kwa homa ya mapafu. Daktari alisemaje? Hapana. Kesho bandarini tutanunua nguo."

"Kesho itakuwa imelala chini," alisema Bibi. "Mimi nilitaka kuiona ikianguka." Aliketi kitandani, akajaribu kutabasamu. "Nendeni. Nitaiona dirishani."

Dirisha lenyewe lilikuwa duara dogo, nalo lilikuwa limejaa ukungu.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Kaiyun ilionekana ndefu na wazi. Hakuna aliyemshuku. Furushi lilikuwa mbali kabatini, na Bibi mwenyewe alikwisha kubali kosa. Ilibaki kunyamaza na kukimbilia nje. Kaiyun alishika kitasa cha mlango. Nyuma yake akamsikia Bibi akijigonga tena kipaji cha uso, akinong'ona, "Kichwa hiki, kichwa hiki."

Hakuweza.

"Bibi, hukusahau," alisema, akageuka. "Kichwa chako ni kizima. Ni mimi niliyelitoa furushi. Nililificha kabatini ili gauni langu liingie. Mama aliponiuliza, nilisema uongo."

  Uso wa Baba uliiva kwa hasira.

"Umemwacha Bibi yako ajione amepotewa na akili?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kwa sababu ya gauni?"

Mikono ya Kaiyun ilikuwa tayari kwenye zipu ya koti. Akalivua. Akavua sweta. Akavua fulana yake ya sufu ya zambarau yenye picha ya paka, na suruali yake ya ndani, akavaa haraka nguo za pamba za chumbani.

"Zinamtosha," alisema huku machozi yakimdondoka. "Bibi na mimi tuko sawa kwa kimo. Avae zangu."

"Na wewe?" aliuliza Mama. "Hutatoka hivyo."

"Najua. Nitabaki ndani."

Bibi akanyoosha mkono. "Lete huyo paka. Theluji haimsubiri mtu."

Wakamvalisha wote kwa pamoja, upesi upesi. "Paka huyu ananitazama vibaya," alilalamika Bibi, na hata Baba akashindwa kuzuia kicheko. Ilipofika zamu ya koti lake, Bibi aliingiza mikono kwa mbele, zipu ikakaa mgongoni, kama wanavyofanya watu wa kwao wakipanda pikipiki.

"Mama, hapa si kwenye pikipiki!" alisema Baba.

"Upepo wa pikipiki na wa meli wote unatoka mbele. Nifunge huko nyuma, acha maneno."

Kaiyun alisimama nyuma ya mlango wa kioo, ndani kwenye joto, Mama kando yake. Nje dunia nzima ilikuwa nyeupe. Theluji ilianguka taratibu, bila sauti, juu ya bahari, juu ya vyuma, juu ya kofia za watu. Bibi alitoka ameshikwa mkono na Baba. Mzee mmoja wa kusini kama wao alipoliona koti lake, naye alilivua la kwake akaligeuza, na mkewe akafuata.

Bibi alivua glavu moja. Akakinyoosha kiganja.

Alisimama hivyo akitazama mkononi mwake. Kisha akainua uso na kutoa ulimi nje kama mtoto mdogo. Kaiyun alicheka na kulia kwa wakati mmoja, pua ikiwa imegusa kioo. Alitamani kuwa kule hadi kifua kikamuuma, na bado alifurahi kuliko usiku ule wa picha.

Haikupita muda mrefu, mlango ukafunguka na baridi ikaingia pamoja na Bibi, mashavu mekundu, nyusi zimelowa.

"Haraka!" alisema, akianza kujimenya palepale kwenye kona, Mama akimkinga kwa shali. "Mimi navua, wewe vaa. Bado inaanguka!"

"Bibi, mimi sistahili."

"Nani amekuuliza habari ya kustahili? Inua mikono." Akamvisha fulana ya paka, akamshika mabega. "Lakini sikiliza kwanza. Baba yako aliitoa sufuria yangu mbele ya macho yangu. Nilinuna, lakini nilijua, nikajipanga kula uji wa wengine. Wewe ulitoa nguo zangu kwa siri, ukaniacha nikakilaumu kichwa changu mwenyewe. Sanduku likijaa, mwanangu, sema limejaa. Tutagombana, tutapunguza, tutaondoka. Kitu kinachotolewa kwa uwazi hakimwachi mtu kwenye baridi."

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

"Kusema umesema mwenyewe, bila kukamatwa. Kwa hilo nimekusamehe." Bibi alimvika sweta na koti lake mwenyewe, akaivuta zipu, mgongoni, hadi juu. "Haya, nenda. Toa ulimi. Haina sukari, lakini ni tamu."

Kaiyun alisukuma mlango, akatoka kwenye theluji. Upepo ulimpiga usoni, lakini mwilini hakuhisi baridi, kwa maana ile fulana ya sufu ilikuwa bado na joto la Bibi.