Siri ya Babu Kinyozi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwanza kwenye kibanda cha babu yake kinyozi. Aliutundika mkoba nyuma ya mlango, akashika ufagio. Jina la Chiriku alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa mdomo wa mtoto huyo haukujua likizo. Akifagia nywele huku akisimulia mambo ya shule, wateja walicheka mpaka babu akawaomba watulize vichwa, wasije wakaondoka na sikio moja.

Lakini siku hizi kulikuwa na jambo. Babu hakunyoa tena akiwa amesimama wima. Aliinama mbele, akaegemea kiti cha mteja kwa tumbo na viwiko. Akisimama sana, miguu ilimuuma kuanzia makalioni hadi kwenye vifundo, kisha ikafa ganzi. Akikaa, maumivu yalikoma kama yaliyokemewa. Wakirudi nyumbani, kila baada ya nyumba chache alishika ukuta, akajifanya anatazama maua ya watu.

"Babu, mwambie mama akupeleke hospitali."

"Nikaseme naumwa nini? Miguu imechoka, basi. Imenibeba tangu utotoni, nayo ina haki ya kulalamika." Kisha akashusha sauti. "Na wewe mdomo huo utie kufuli. Mama yako akijua, atanifungia ndani kama kuku anayeatamia. Niahidi."

Chiriku aliahidi. Tangu hapo kulikuwa na neno lililomkaa kooni, halimezeki wala halitemeki.

Jumamosi moja asubuhi, babu alikuwa akimnyoa jirani yake, fundi viatu. Wembe ulikuwa shingoni pale mguu wa kushoto ulipomsaliti. Goti lilikunjika, mkono ukateleza, wembe ukapita hewani karibu na sikio la fundi. Babu akaangukia benchi la wateja.

"Ebo! Nimekuja kupunguza nywele, si kichwa!" fundi aliruka. Alipouona uso wa babu, utani ukamkauka mdomoni. "Kaka, huu ni mgongo. Ngoja nikamwite Mikono Chuma. Akikukanyaga mara moja tu, pingili zote zinarudi mahali pake."

Akatoka mbio. Chiriku aliinama kuokota wembe, ndipo alipoiona suruali ya babu.

"Babu, umelowa."

Babu alijitazama. Alijigusa paja kwa kiganja, akajigusa tena, kama mtu anayepapasa kitu cha mwenziwe.

"Sikuhisi," alinong'ona. "Tangu jana, huku chini sihisi kitu. Ni kama nimekalia mto." Mara akashtuka, akavuta shuka la kunyolea na kujifunika. "Hukuona kitu, umesikia? Hii ni aibu yangu. Uliniahidi."

Mikono Chuma aliingia akiwa ameinamisha kichwa ili apite mlangoni. Alikuwa pande la mtu, maarufu kwa kuwakanda wachezaji mpira. Alitandika mkeka, akamlaza babu kifudifudi, akavua viatu.

"Vumilia, mzee. Utasikia mgongo ukilia, usiogope."

Chiriku alisimama kando ya kioo, ufagio mkononi. Akisema, babu ataaibika mbele ya rafiki yake. Asiposema je? Alikumbuka vile babu alivyojigusa paja. Mguu wa Mikono Chuma ulikuwa tayari umeinuka.

"Usimkanyage!" alipiga kelele. "Amejikojolea na hajui! Huku chini hahisi kitu!"

Mikono Chuma alishusha mguu taratibu, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Mzee, ni kweli?"

Babu aligeuza uso ukutani. Jibu lilitosha. Mikono Chuma alianza kuvaa viatu vyake kwa haraka. "Mimi nakanda misuli iliyokaza. Hili si la mikono yangu. Hospitali, na sasa hivi. Fundi, tafuta gari!"

Njiani babu alisema neno moja tu. "Umenivua nguo." Chiriku alilia kimya kimya, macho yakiwa dirishani.

Mama aliwakuta hospitalini, ametoka kwenye tanuri la mikate akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alimuuliza babu anaumwa nini.

"Uchovu tu, binti yangu."

Daktari akamtazama Chiriku. Chiriku akasema yote: kuegemea kiti, kushika kuta, goti, ganzi, suruali. Daktari aliacha kuandika. Alimgusa babu kwa ncha ya sindano kwenye nyayo na kwenye mapaja, akamtaka asukume kwa mguu. Wa kushoto haukuwa na nguvu. Akaagiza apigwe picha za mgongo bila kungoja foleni.

Picha zilipokuja, alizielekeza kwenye mwanga. "Ndani ya uti wa mgongo mna mfereji. Humo hupita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni na kwenye kibofu. Umri ukisogea, mifupa huota vinundu, na mfereji huwa mwembamba. Ukisimama wima unabana zaidi. Ukikaa au ukiinama unapanuka kidogo, ndiyo maana ulipata nafuu kwenye kiti cha mteja."

"Kuna dawa?" mama aliuliza.

"Angekuja mapema tungeanza na mazoezi na vidonge, pengine sindano. Wengi huishia hapo. Lakini mtu akiishiwa nguvu mguuni, akafa ganzi mahali anapokalia, akashindwa kujua kama mkojo umetoka, hapo hakuna kungoja kesho. Tunampasua leo. Na mgongo huu ungekanyagwa..." Hakumaliza.

Mama alimgeukia Chiriku. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya likizo, mama. Niliahidi."

Upasuaji ulichukua muda mrefu. Mama na Chiriku walikaa kwenye benchi wakiutazama mlango, na kila ulipofunguka waliinuka. Hatimaye daktari alitoka. "Tumeondoa mfupa uliokuwa ukibana. Mishipa imepata nafasi. Itaamka kiasi gani, tusubiri."

Wakasubiri. Siku za mwanzo babu alilala na mrija wa mkojo, na vidole vya mguu wa kushoto vikawa kama vya mtu mwingine. Baadaye kimoja kikacheza, kisha vyote. Kwa Chiriku hakusema neno, na hilo lilimuuma mtoto kuliko kitu chochote.

Siku mtaalamu wa mazoezi alipomsimamisha pekupeku kwenye fremu ya kutembelea, babu alimwita mjukuu wake.

"Nilikukasirikia, mjukuu wangu, kwa sababu ulisema kweli mbele za watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami kidogo niumbuke. Lakini kosa langu kubwa si hilo. Nilimtwisha mtoto mzigo wa mtu mzima. Mtu akikutaka ufiche jambo linalomdhuru, au linalokudhuru wewe, hiyo si siri ya kutunza. Mwambie mkubwa unayemwamini, hata kama uliahidi. Ahadi ile nilikosea kuidai."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, akampa bega lake. Babu alisogeza fremu, akainua mguu wa kushoto kwa shida na kuuweka chini. Akasita. Akautazama.

"Sakafu hii," alisema polepole, "ina baridi."

Mama akacheka huku machozi yakimtoka, akainama kumtafutia ndara.