Mjumbe wa Kidato cha Pili

Msusi aliingia bwalo la shule mbio mbio, kitana kikiwa bado kimechomekwa kwenye nywele, na nusu ya akili yake imebaki saluni kwa mteja aliyemwacha kasukwa upande mmoja. Nia yake ilikuwa moja tu: aonekane na mwalimu wa darasa, aandike jina kwenye karatasi ya mahudhurio, kisha apotee. Lakini bwalo lilikuwa limefurika. Viti vya plastiki vilipita juu ya vichwa vya watu, na feni moja ilizunguka kivivu kana kwamba nayo imeletwa kikaoni kwa lazima.

"Shika hiki, mama," alisema mwanamume mmoja, akimsogezea kiti. "Ndicho cha mwisho chenye miguu minne."

"Ahsante, sikai. Nimekuja kuonekana tu."

"Anayetaka kuonekana hukaa mbele."

Msusi alicheka bila kupenda, akakaa. Mwanamume alikuwa mrefu, mwenye nyusi nzito na mikono mipana, na ovaroli yake ya bluu ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Pasi kwenye ovaroli?" alimuuliza. "Mkeo ana kazi kweli."

"Mke sina. Nina mpwa, namlea tangu dada yangu alipofariki. Yeye ndiye aliyesema nisimtie aibu mbele ya walimu." Alinyoosha kola. "Mimi ni fundi lifti. Kutwa nzima nashinda mashimoni, hakuna anayeniona. Leo acha niringe kidogo."

Mwalimu mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya kutosha watu watatu, alipanda jukwaani na kunyamazisha bwalo zima.

"Ndugu wazazi," alisema, "walimu tunao, vitabu tunavyo. Ila ikifika jioni nafunga maktaba kwa sababu hakuna mtu mzima wa kukaa na watoto. Wazazi wawili kwa jioni moja wananitosha. Sihitaji profesa. Nahitaji mtu wa kukaa kitini, mtoto akiinua macho aone mzazi yupo. Asiyekuwepo na lake halipo. Haya, nani atakuwa mjumbe wa kidato cha pili?"

Ghafla kila mzazi aligundua kwamba viatu vyake vina jambo la kutazamwa.  Hapo msusi alikumbuka yule mteja wa upande mmoja, akanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kuondoka.

Bwalo lililipuka kwa makofi.

"Mwalimu, hapana, mimi nilikuwa naomba ruhusa ya…"

"Ruhusa umepewa, mama," alijibu mwalimu mkuu, na watu wakaangua kicheko. "Na huyo bwana aliyesimama karibu yako atakusaidia."

"Mimi nimesimama kwa sababu kiti changu nimempa yeye," alisema fundi lifti.

"Vizuri sana. Umeanza kumsaidia tayari."

Ndivyo walivyoingia kwenye kamati ya wazazi, mmoja kwa kunyoosha mkono, mwingine kwa kukosa pa kukaa.

Kazi waligawana pale pale nje ya bwalo. Msusi angepanga zamu za maktaba, fundi lifti angewapigia wazazi simu kuwavuta waje. Zamu ya Alhamisi wakajiwekea wao wenyewe. Wiki ya kwanza maktaba ilikuwa na wanafunzi wachache na wazazi wawili waliokaa kama wageni msibani. Kufikia mwezi wa pili watoto walikuwa wakigombea meza. Binti yake msusi, aliyezoea kufanya hesabu saluni kwenye kelele za vikaushio vya nywele, alirudi nyumbani siku moja na mtihani wake akautandaza mezani kama kitambaa cha harusi.

"Mama, unajua kwa nini nimepata alama hizi?" alisema. "Nikitaka kulala nakuona umekaa pale unapiga miayo wala huondoki. Naona aibu kulala kabla yako."

Msusi alienda jikoni kujifuta uso, maana machozi yalikuwa yamekaribia.

Na kila jioni simu ililia.

"Mjumbe wangu, umekula?"

"Bado. Nina kichwa cha mtu hapa."

"Kichwa cha mtu hakiliki. Kale kwanza."

"Wewe na mambo yako. Haya, una lipi?"

"Sina lolote. Leo nimekwama kwenye lifti niliyokuwa naitengeneza. Nimekaa mle ndani nikajiambia, kama angekuwepo mjumbe wangu ningeomba isifunguke."

"Mwongo mkubwa."

"Naapa. Na Alhamisi usikose. Alhamisi bila wewe ni chai bila sukari."

Maneno hayo msusi aliyalaza kifuani. Aliyarudia akisuka, akiosha nywele, akifagia. Mume wake wa zamani aliondoka binti akiwa anaanza darasa la kwanza, akasema anakwenda kutafuta maisha, na mpaka leo anatafuta. Tangu hapo hakuna aliyewahi kumuuliza kama amekula. Alianza kuvaa vizuri Alhamisi: gauni la kijani lenye maua meupe, hereni ndogo, na kitana safari hii akikumbuka kukiacha saluni. Binti yake alimtazama juu mpaka chini.

"Maktaba ya siku hizi ina sherehe?"

"Nyamaza, mtoto we."

Basi Jumatatu moja mama muuza mikate, mzazi mwenzao wa kidato cha pili, alikaa kwenye kiti cha saluni asukwe. Simu yake ikalia akiwa kainamisha kichwa.

"Shoga, nibonyezee, weka spika," alisema.

Msusi akabonyeza. Sauti iliyotoka aliijua kuliko mlio wa mlango wake.

"Habari za mchana, mama. Ijumaa kuna kikao, na kikao bila wewe ni chai bila sukari. Njoo utukoleze."

Muuza mikate alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Nitakuja, baba, nitakuja." Simu ikakatika. "Huyu fundi ana ulimi wa asali. Utakataaje kwenda?"

 Mikono ya msusi iliendelea kusuka yenyewe.

"Shoga, unavuta," alilalamika muuza mikate. "Unataka kuning'oa ubongo?"

Jioni simu ya msusi ilipolia, alipokea akiwa amesimama.

"Mjumbe wangu, ume…"

"Usiniite mjumbe wako. Sukari hiyo unaigawa mtaa mzima, mimi nikabaki nalamba kijiko nikidhani ni yangu."

"Sijakuelewa. Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mimi ndiye niliyekosea kusikia maneno ya mwanamume kwa mara ya pili maishani. Usinipigie tena."

Akakata. Aliyeumwa na nyoka akiona ukamba hushtuka, na msusi alikuwa ameumwa pabaya. Simu ilitii. Jioni ya kwanza haikulia, ya pili haikulia, na kimya chake kikawa kikubwa kuliko saluni yenyewe. Jumatano usiku akamwambia binti yake kwamba kesho hatakwenda maktaba.

Binti aliweka kalamu chini. "Umegombana na mjomba wa rafiki yangu, siyo?"

"Hayakuhusu."

"Yananihusu, mama. Yeye ni rafiki yako, lakini zamu ni yangu mimi. Wewe uliniambia uko pale kwa ajili yangu."

Maneno ya mtoto hayana kwato, lakini hukanyaga. Alhamisi msusi alivaa sketi yake ya kazini, akafunga kilemba bila kutazama kioo, akaenda. Alikuwa amejiandalia uso mkavu wa kumkaribisha fundi lifti. Alipofungua mlango wa maktaba, kitini alikuwa amekaa muuza mikate.

"Fundi kaniomba nishike zamu yake," alinong'ona yule mama. "Eti akija yeye hutakuwa na raha, na wewe ukikosa, watoto watafungiwa. Mmefanyana nini?"

Msusi aliketi. Alijaribu kunyamaza, lakini moyo uliojaa haufungiki. Akamweleza kwa kunong'ona, wakiwa wameinamiana kama wanafunzi wanaoibiana majibu. Muuza mikate alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hasira yote ni ya ile chai bila sukari? Lakini ile anaiambia kila mtu. Hata mzee kinyozi kaambiwa, na kaja. Wazazi hatuji kwa kuitwa kikavu, wewe hujui? Mimi shule hii sikuwahi kuikanyaga mpaka mtu aliponifanya nihisi kwamba nisipokuja napunguza kitu." Akamsogelea zaidi. "Sasa niambie. Mimi kanipigia mara mbili tangu tuanze, zote za kikao. Wewe anakupigia lini?"

"Kila jioni."

"Kunapokuwa na kikao?"

"Hata kisipokuwepo."

"Anasema nini?"

Msusi alitazama mikono yake. "Ananiuliza kama nimekula."

"Shoga," alisema muuza mikate polepole, "mimi sijawahi kuulizwa kama nimekula, na nauza mikate."

Msusi alinyanyuka na kutoka barazani, chini ya dirisha la maktaba. Alikuwa hajawahi hata siku moja kuwa yeye wa kwanza kupiga. Akabonyeza namba ya fundi.

"Hallo?" Sauti ya fundi iliitika kwa mwangwi, kama imo kisimani.

"Ni mimi. Uko wapi?"

"Ghorofa ya tisa. Kuna nini, watoto wazima?"

"Wazima. Mimi ndiye mgonjwa. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

 Chuma kikaanguka mahali fulani. "Usiondoke hapo. Lifti ndiyo hii nimeifungua vipande, lakini ngazi zipo."

Alifika jua likianza kulala, anahema, ovaroli safari hii imejaa grisi, jasho likimtiririka shingoni. Msusi aliona hajawahi kumwona amependeza hivyo.

"Nianze mimi," alisema fundi, akishika nguzo ya baraza. "Wazazi nawabembeleza, kweli. Nilitafuta maneno ya kuwavuta nikayakariri, kwa sababu bila hivyo mimi kwenye simu ni bubu. Lakini la chai nililianzia kwako. Likanitoka vizuri, nikaona niwape na wengine. Huo ni ushamba wangu, naomba unisamehe."

"Kwa hiyo hayo mengine ya jioni hukuyakariri?"

"Yangekuwa ya kukariri, ningekuwa nayasema vizuri zaidi ya vile." Akafuta viganja kwenye ovaroli. "Nataka kukuoa. Nilipanga kusema mwisho wa muhula nikiwa nimevaa suti, lakini siku hizi mbili zimenifundisha kutosubiri."

Msusi aliinamisha uso kuficha tabasamu lisilofichika. "Unamwomba nani sasa, mimi au mjumbe wa kidato cha pili?"

"Mjumbe muda wake unaisha watoto wakimaliza shule. Nakuomba wewe."

"Itabidi nimuulize binti yangu kwanza."

Dirisha la juu yao likasukumwa. Nyuso mbili zikachungulia, ya binti yake na ya mpwa wa fundi, na nyuma yao maktaba nzima ikiwa imesimama.

"Mama, sisi hatuna kipingamizi," alisema binti. "Lakini kuna watu wana mtihani kesho na nyinyi mnapiga kelele."

Kicheko kikapasuka mle ndani, cha muuza mikate kikiwa juu ya vyote. Fundi lifti aliweka kidole mdomoni kama mwanafunzi aliyekaripiwa. Msusi akamsogelea mpaka akasikia harufu ya grisi na sabuni, akamjibu ndiyo kwa sauti ya chini kabisa, ili watoto waendelee kusoma.