Dorkas Aliyeachia Kamba

Kila siku ya likizo ya Juni, Dorkas aliamka amechoka na kulala amechoka zaidi. Alfajiri aliteka maji, akafagia uwanja, akawalisha mbuzi wawili ambao hawakuwahi kushukuru. Mchana alipalilia maharage pamoja na mama yake mdogo, Fortunata, katika shamba lililoinama kana kwamba linatafuta nafasi ya kuteleza kutoka Vudee hadi Same mjini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko mjini, na alikuwa amerudi nyumbani akitarajia kupumzika. Watoto wa bweni hutarajia mambo mengi.

Saa kumi jioni ndiyo iliyokuwa saa yake. Mama mdogo alimkabidhi simu kwa nusu saa kamili, naye akapanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo mtandao ulipatikana bila kuviziwa. Hapo alicheza mchezo mmoja tu. Watu wawili wamefungwa kamba moja viunoni, nao wanapanda mlima. Mmoja anapanda huku mwenzake amemshikia kamba, kisha wanabadilishana. Mchezo wenyewe humchagulia mtu mwenzake popote alipo duniani, na hauruhusu kuandika wala kusema neno. Zipo ishara tatu basi: kiganja wazi, yaani ngoja; ngumi, yaani nimeshika kamba, panda; na taa ndogo ambayo kila mtu huifasiri apendavyo.

Ni kwa sababu hiyo Fortunata aliruhusu. Siku ya kwanza aliuliza Dorkas anacheza na nani, akajibiwa kwamba hajulikani.

"Naye anajua jina lako? Anajua kwenu?"

"Hajui hata kama mimi ni binadamu, mama mdogo."

Fortunata akatafakari, akasema mgeni asiyeuliza maswali hana shida. Wageni wake yeye ndio waliouliza.

Mgeni huyo alivaa kofia ya bluu, kwa hiyo Dorkas alimwita Kofia. Hakujua kama ni mwanamume au mwanamke, mtoto au mzee mwenye wajukuu. Alijua mambo mengine. Alijua kwamba Kofia huja saa kumi ileile bila kukosa, na kwamba akifika penye utelezi husimama kidogo kwanza, kama mtu anayevuta pumzi. Alijua kwamba mwenzake akiteleza, Kofia huwasha taa mara mbili. Siku moja ukungu ulishuka Vudee na mtandao ukapotea kwa dakika kumi. Uliporudi, Dorkas alimkuta Kofia palepale, ngumi juu, kamba mkononi. Siku hiyo alihisi jambo ambalo asingelikiri hata mbele ya mwalimu wa nidhamu. Alihisi kwamba kuna mtu anayemjua.

Hata hivyo, Dorkas alikuwa na ugonjwa wa utani, na ugonjwa huo haukuwa mgeni. Shuleni alikuwa ameshona mikono ya sweta la dada mkuu ikafumbana, tena kwa uzi wa rangi inayofanana, kwa heshima. Aliwahi pia kuwaamsha wasichana mia moja na ishirini wakimbilie mkutano ambao haukuwepo. Aliadhibiwa, akafyeka nyasi, akapona kwa muda.

Jumanne ya wiki ya mwisho ugonjwa ulimrudia. Alikuwa ameinama shambani tangu asubuhi, mgongo ukimuuma, na uchovu ule ulikuwa unatafuta kitu cha kuchekea. Yeye na Kofia walikuwa wamepanda kwa siku kumi na tisa. Zilibaki hatua saba kufika kileleni. Kofia alisimama chini ya jabali la mwisho, akisubiri. Dorkas akaonyesha ngumi. Kofia akaanza kupanda. Dorkas akaachia kamba.

Kofia alianguka, akipoteza kazi ya siku baada ya siku. Alipita pale walipopumzika Jumapili, akapita daraja la miti, akapita pango walimojikinga na mvua, mpaka chini kabisa mwanzo wa njia. Dorkas alicheka peke yake juu ya jiwe, akasubiri taa. Haikuwaka. Kule chini Kofia aliinua kiganja wazi, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akatoweka. Kamba ilibaki ikining'inia kwenye kioo, maana mchezo hauikati mpaka mmoja wao aamue kuikata.

Hapo kicheko kilimwisha. Alitafuta namna ya kuomba radhi. Ngoja. Nimeshika. Taa. Samahani haikuwepo. Na ile ngumi, ambayo labda ingefaa, alikuwa ameshaitumia kudanganyia. Jumapili angerudi shuleni, ambako simu ni marufuku. Zilimbakia nusu saa nne za kumrudisha mtu ambaye hakuwa na jina la kumwitia.

Jumatano alfajiri baragumu lililia mlimani. Halikueleza kitu, lililia mara tatu, na kila nyumba ikatoa watu wake na majembe. Huo ndio msaragambo, kazi ya wote. Safari hii ilikuwa ya kuzoa tope lililojaa kwenye ndiva, lile bwawa dogo linalokusanya maji ya chemchemi usiku ili asubuhi yafunguliwe yashuke mferejini. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua, na mashamba ya chini yalikuwa hayajaona maji kwa siku nane.

Walijipanga mstari kutoka shimoni hadi ukingoni, wakipokezana makarai ya tope. Dorkas alipangwa wa pili kutoka chini, juu ya mama mmoja kutoka ng'ambo ya korongo ambaye hakuwahi kumwona. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na mtu fulani akamtaja kwa jina la Irine. Mazungumzo yakaishia hapo. Kazini lilitumika neno moja tu. Anayepokea husema "nimeshika", na anayetoa ndipo huachia. Kabla ya hapo haachii, hata mikono ikitetemeka.

Makarai mia yalipita, na mia nyingine. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupiga soga. Pamoja na hayo Dorkas aligundua kwamba anajua mkono wa kushoto wa Irine umechoka kuliko wa kulia, na Irine naye, bila kuambiwa, alikuwa ameanza kumpandishia karai juu kidogo, kwa kuwa Dorkas ni mfupi.

Kisha Dorkas akamkumbuka Kofia na kile kiganja wazi. Mawazo yalikwenda mbali, mdomo ukabaki kazini peke yake. "Nimeshika," akasema, na mikono yake haikuwa imeshika chochote.

Irine akaachia. Karai likamwangukia mguuni, tope likarudi shimoni lilikotoka. Irine aliinama, akaushika mguu wake, hakupiga kelele. Mstari wote ukasimama. Dorkas akafungua mdomo, na maneno yalikuwa mengi humo, yenye sababu na vielelezo. Lakini Fortunata, aliyekuwa juu yake kwa watu watatu, alimtazama na kumwonyesha shimo kwa kidevu.

"Maneno hayapandishi tope, mwanangu. Shuka."

Ndiyo ilikuwa desturi ya ndiva ile. Aliyemwaga hushuka chini mwenyewe, penye tope la magotini, na aliyekuwa akichimba hupanda kushika nafasi yake mstarini. Hakuna anayekemewa. Dorkas akashuka. Alijaza karai la kwanza kwa beleshi, akaliinua kwa Irine, maana sasa Dorkas ndiye aliyekuwa chini ya Irine.

Irine alimtazama. Dorkas hakuachia. Irine alilishika karai pande zote mbili, akalivuta kidogo kupima uzito, akangoja. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya tangu asubuhi, "Nimeshika."

Dorkas akaachia. Macho yalimjaa maji. Taarifa rasmi ni kwamba lilikuwa tope.

Alichimba mpaka kazi ilipokwisha na watu wakaketi kula makande. Jioni alipanda kwenye jiwe lake, viganja vikiwa na malengelenge, akafungua mchezo. Mtu wake yeye mchezoni alikuwa bado amesimama karibu na kilele, hatua saba tu. Dorkas alimtazama kwa muda. Kisha akamrusha chini.

Siku kumi na tisa zikaondoka: jabali, pango, daraja la miti, pale pa Jumapili. Alipofika mwanzo wa njia alisimama mahali palepale alipokuwa Kofia, akainua kiganja wazi, akakaa. Hakuna aliyekuja. Alhamisi alikaa hivyo tena kwa nusu saa nzima. Ijumaa vilevile. Ni kazi inayochosha kuliko kupalilia, kumngoja mtu ambaye ana haki ya kutokuja.

Jumamosi Fortunata, aliyekuwa ameshasimuliwa kisa chote, alimfuata na ungo wa maharage makavu, akakaa kando yake kuyachambua. Saa kumi na dakika ishirini, kofia ya bluu ikatokea pembeni mwa kioo.

Kofia hakusogea karibu. Alitazama juu, kule ambako Dorkas alipaswa kuwa na hakuwepo. Akamzunguka Dorkas mara moja, kwa mbali. Kisha akainua kiganja: ngoja.

Dorkas hakuonyesha ngumi. Kwanza aliichukua kamba, akaizungusha kwenye jiwe moja la mlima ule wa mchezo, akaivuta mpaka ikakaza. Ndipo akaonyesha ngumi, akaacha imeinuliwa.

Kofia alisimama kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Akapanda hatua moja, ile ya chini kabisa, ambayo hata ukianguka huumii. Akaning'inia hapo makusudi kwa uzito wake wote. Kamba ikakaa. Taa ikawaka mara mbili.

Dorkas alimgeuzia mama mdogo kioo aone.

"Ndiye huyo?" Fortunata akauliza.

"Ndiye."

"Sasa kesho unarudi shule. Utamuagaje?"

Dorkas aliifunga kamba kwenye lile jiwe la mchezoni, akainua kiganja. Hakujua kama Kofia angeelewa kwamba ngoja hii ni ya mpaka Septemba. Kofia alikaa chini kwenye ile hatua moja, akawasha taa, akaiacha inawaka.

Fortunata alitupa punje mbovu nje ya ungo.

"Mimi na Irine hatujawahi kunywa chai pamoja," alisema. "Sijui hata ana watoto wangapi. Miaka tisa tunakutana kwenye tope tu. Lakini akisema ameshika, mimi naachia bila kugeuka. Mtu mwenye maneno elfu akidanganya kwa moja, anabakiwa na mengi ya kujitetea. Wewe na huyo mwenzako mnalo moja. Ukilichafua, huwezi kulisafisha kwa neno jingine. Utalisafisha kwa mikono, polepole, mpaka mwenzako apime mwenyewe uzito."

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Tutaona." Fortunata aliinuka, magoti yakimlia, akamnyooshea ule ungo uliojaa kazi ya jioni nzima. "Shika, tushuke."

Dorkas aliweka simu mfukoni. Akashika ungo pande zote mbili, akausikia uzito wake.

"Nimeshika," akasema.

Fortunata akaachia.