Jipu Kooni mwa Mtangazaji

Foleni ya wagonjwa wa masikio, pua na koo ilikuwa imefika mlangoni. Daktari aliinua macho kumwita mgonjwa wa kumi na nne, moyo ukampasuka paa! Shati la bluu lililonyooshwa vizuri, kitambaa mdomoni: alikuwa yule mtangazaji wa redio, mpenzi wake wa enzi za chuo. Miaka sita iliyopita aliacha kumpigia simu, na tangu hapo daktari alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini.

"Karibu. Unasumbuliwa na nini?" aliuliza, kana kwamba hamjui.

"Koo. Siku ya tano."

Sauti ilitoka nzito, kama ya mtu aliyejaza chakula cha moto mdomoni. Na ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza kwenye simu hadi anasinzia!

"Fungua mdomo."

Ulifunguka upana wa kidole. Kwa tochi, daktari aliona uvimbe mwekundu juu ya tezi ya kushoto, umekisukuma kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, upande wa kulia.

"Ni jipu, kando ya tezi. Faili linasema ulipewa vidonge. Ulimeza siku ngapi?"

Mgonjwa alionyesha vidole viwili.

"Ulipopata nafuu, ukaacha. Hujabadilika, bwana wee. Kila kitu unakiachia njiani."

Alimpulizia ganzi, akachoma sindano katikati ya uvimbe, akavuta usaha hadi bomba likajaa. Akapasua kidogo. Mgonjwa akatema, akasukutua, taya likaanza kulegea.

"Nilipiga simu," alisema polepole. "Akapokea mwanamume. Akasema umelala, nisikusumbue."

"Lini?"

"Wiki uliyoanza kazi."

Daktari aliweka bomba chini. "Nilikuwa nimetoka zamu ya siku nzima. Yule ni kaka yangu! Ungeuliza!"

"Niliogopa jibu, mpenzi."

"Miaka sita, mjinga wewe!" Kicheko na machozi vilimtoka pamoja.

"Sasa… una mtu?"

Daktari alivuta faili, akaandika.

"Unaandika nini?"

"Nakuhamishia kwa mwenzangu. Dripu ya dawa na uchunguzi wa kesho atasimamia yeye."

Uso wa mtangazaji ulisinyaa. "Umenikasirikia kiasi hicho?"

"Kanuni ya kazi," alisema daktari, akimpangusa kidevu. "Daktari hamtibu mtu wake."